Gari kuukuu inazima, haiwaki, kesho inawaka yenyewe: tuifumbue

Ukifika Ndeeba, mtaa wa mafundi magari hapa Kampala, ukasema tu "gari haiwaki", vijana watano watakuwa wameshainua boneti hata redio hujazima, na kila mmoja jibu analo mkononi. Huyu betri, yule pampu ya petroli, mwingine plagi, halafu kuna yule wa pembeni hajagusa kitu ila anasema kwa sauti kuliko wote kwamba hiyo ni kompyuta ya injini imekufa. Yeyote kati yao anaweza akawa sahihi, maana "haiwaki" ni kama kumwambia daktari mtoto analia.

Mimi nina SUV ya petroli ya 1998, otomatiki, namba yake inaanza na UAJ kwa hiyo mtu wa Kampala akiitazama tu anajua imekula chumvi nyingi. Tangu sheria ya 2018 ifunge mlango kwa gari zilizozidi miaka 15, za umri huu haziingii tena Uganda, zilizopo ndo hizo hizo tunahangaika nazo. Karibu mwaka mzima ilinitesa na makanika hawakuielewa, na nikikumbuka vizuri mimi mwenyewe ndo nilikuwa nawachanganya, sababu ilikuwa na magonjwa mawili nami nikayapa jina moja. Asubuhi ikigoma nyumbani nasema haiwaki, mchana ikinizimikia kwenye jam ikakataa kurudi nasema haiwaki. Makanika anatibu moja, lingine linabaki, mimi nasema kazi yako mbovu, naenda kwa mwingine, na yule mwingine anaanza mwanzo kabisa.

Kwa hiyo tuanze na sauti. Ukigeuza ufunguo kuna kazi mbili zinafanyika moja baada ya nyingine, stata inazungusha injini, halafu injini inashika yenyewe. Kama haizunguki kabisa, achana na habari za petroli na plagi, hazihusiki hapo, hata umwage tenki zima. Kama inazunguka kwa nguvu ila haishiki, achana na betri. Najua inaonekana jambo la mtoto wa darasa la kwanza lakini nimeona mtu ananunua betri mpya kwa gari ambayo stata yake ilikuwa inazungusha kama feni, na mtu huyo ni mimi.

Ugonjwa wa asubuhi kwanza. Nageuza ufunguo nasikia TAK, moja tu, kimya. Narudia, TAK. Mara ya sita au ya saba inazunguka vizuri kama hakuna kilichotokea. Hapo cha kuangalia ni taa za dashibodi na taa kubwa wakati ule wa tak. Zikififia mpaka zinakaribia kuzimika, umeme ni mdogo, aidha betri imechoka au vichwa vya betri vina kutu na ule unga mweupe wa kijani. Ikipiga tatatatata mfululizo, betri hiyo, au vichwa. Lakini taa zikibaki zinawaka vizuri na bado ni tak moja kavu, umeme upo, haupiti tu ndani ya stata.

Mita ya umeme ya kawaida, ile ya bei chini hata ya nusu tenki, inakumalizia ubishi. Betri iliyolala usiku kucha ikiwa nzima inasoma kama volti 12.6, ikisoma 12.2 iko karibu nusu. Mtu akipiga stata huku unaangalia isishuke chini ya 9.6 hivi. Injini ikinguruma isome kati ya 13.8 na 14.5, chini ya hapo oltaneta haichaji vizuri na betri mpya utakayonunua nayo itakufa vilevile, utaenda kugombana na muuza betri bure. Halafu kuna kipimo ambacho wengi hawafanyi kabisa, cha waya wa ethi, ule unaounganisha hasi ya betri na chuma cha gari. Weka ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri chenyewe, nyingine kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti ujue umeme unapotelea njiani, waya wa ethi umeoza ndani ya mpira wake au boliti yake ina rangi na tope. Gari zetu zinapita Bwaise mvua ikinyesha, maji mpaka mlangoni, usishangae.

Yangu betri ilisoma vizuri na ethi ilisoma vizuri. Stata ilipofunguliwa ndo nikaona kitu chenyewe. Makanika alitandaza gazeti akatoa vipande viwili vya shaba, kila kimoja hakizidi kucha ya kidole gumba, akaviweka kando ya vipya. Vipya vina uso bapa unaong'aa. Vya kwangu kimoja kilikuwa kimeliwa upande mpaka kimebaki kama mwezi mwandamo, cheusi, kimeungua. Kazi yake ni hivi, ukigeuza ufunguo kuna sumaku inavuta kisahani cha shaba kigonge vile vipande viwili na umeme mkubwa wa betri upite hapo kwenda kuzungusha stata. Kila kikigonga kinatoa cheche kidogo na kinakula shaba kidogo. Baada ya miaka ishirini na kitu kisahani kinafika lakini hakigusi vizuri, leo kinaangukia sehemu nzima kesho sehemu iliyoliwa, ndo maana inagoma na kukubali bila mpangilio, na ndo maana wengine wakiigonga stata na spana inawaka. Vipande hivyo vinauzwa peke yake kwenye maduka ya Kiseka, huna haja ya kununua stata nzima, ingawa utaambiwa unahitaji.

Otomatiki ina kingine kinachofanana na hicho, swichi ya gia ambayo inazuia stata kama gia haiko P au N. Ikichakaa, gari inakufa ganzi kabisa, hata tak husikii. Sogeza gia kwenye N ujaribu tena. Ikiwaka, umeshajua bila kulipa mtu.

Sasa ule wa mchana, huo ndo ulionila pesa.

Mara ya kwanza ilikuwa Jinja Road kati ya Banda na Kireka, jua la saa nane, AC inafanya kazi, tunatembea hatua mbili tunasimama. Injini ikazima. Haikukohoa wala kuyumba, ilizima kama televisheni umeme ukikatika. Nikapiga stata, inazungusha vizuri sana, haishiki. Vijana wa boda wakanisukuma pembeni, banange na matusi ya wenye teksi nyuma yangu siwezi kuyaandika hapa. Makanika akaja na boda, akafungua paipu ya petroli inayoingia kwenye injini, akasema washa, nikafungulia ufunguo, hakuna kitu, akasikiliza tenki, kimya. "Pampu imekufa ssebo." Akaenda mjini kununua pampu, kwenda na kurudi masaa mawili, kuifunga saa moja, nikapiga stata ikawaka hapo hapo. Nikamlipa na nikamshukuru sana kutoka moyoni.

Siku tisa baadaye ikazima Clock Tower. Makanika mwingine, huyu akasema koili za moto, akabadilisha, ikawaka. Wiki mbili, Bweyogerere, ikazima. Wa tatu akabadilisha rilei, ile swichi inayoendeshwa na umeme, ikawaka.

Unaona kinachoendelea? Kila mtu aliyegusa gari aliiponya. Ilikuwa inazima kwa joto na inapona ikipoa, na ikipoa inapona hata ukiiacha tu ukakaa chini ya mti ukala ndizi ya gonja. Kwa hiyo chochote alichokuwa ameshika makanika dakika ile ilipopoa ndicho kilichopewa sifa. Yule wa kwanza alienda mjini masaa mawili, angeenda kunywa chai badala ya kununua pampu ingewaka vilevile. Wala hawakuwa wezi, nao waliona kwa macho yao kwamba imewaka.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja wa Bombo, fundi umeme wa magari tangu enzi hizo, siku hizi amestaafu hafungui gari ila anauliza maswali. Aliniuliza matatu. Ilizima ghafla au ilikohoa kwanza? Ghafla. Inakaa muda gani kabla ya kukubali? Kama nusu saa. Ukipiga stata na haishiki, mshale wa RPM, ule wa mizunguko ya injini kwa dakika, unafanya nini? Hapo nikakwama, sijawahi kuutazama hata siku moja. Akaniambia nenda, ikizima tena utazame.

Ilizima, nikautazama. Injini inazungushwa na stata kwa nguvu na mshale umelala kwenye sifuri kama umekufa. Kwa gari nyingi injini ikizungushwa na stata tu mshale unatakiwa unyanyuke kidogo, unacheza cheza kwenye mia mbili hivi. Ukilala kabisa kuna uwezekano mkubwa kompyuta haijui kama injini inazunguka, na kisichojulikana kwamba kinazunguka hakipewi moto wala petroli.

Kinachoipa kompyuta habari hiyo ni sensa ya krenki, yaani ya ule mhimili wa injini unaozungushwa na pistoni. Ni kitu kidogo, kama kidole, kimefungwa kwa boliti moja karibu na puli ya chini mbele ya injini, kwa gari zingine kiko nyuma karibu na giaboksi. Ndani ya zile za kizamani kuna sumaku na waya mwembamba kama unywele umezungushwa juu yake mara nyingi sana. Mbele yake linapita gurudumu lenye meno, kila jino likipita waya unatoa umeme kidogo, na mahali fulani jino moja au mawili yameachwa makusudi, pengo hilo likipita kompyuta inajua pistoni zimefika wapi na plagi gani ipewe moto. Waya ule ukizeeka unapasuka mahali. Ukiwa baridi ncha mbili zinagusana na kila kitu kinaenda, joto likipanda vitu vinatanuka, ncha zinaachana, umeme mdogo unakatika, injini inazima hapo hapo. Ukipoa zinarudiana, na wewe unarudi nyumbani unamsifu makanika.

Sasa rudi kwenye ile paipu kavu. Kwa gari nyingi za injekta kompyuta haiachii pampu ya petroli ifanye kazi kama injini haizunguki, ni usalama, ukipata ajali paipu ikapasuka pampu isiendelee kumwaga petroli juu ya chuma cha moto. Ukifungulia ufunguo inapiga kama sekunde mbili kisha inasubiri habari kutoka kwa krenki. Habari haiji, pampu inanyamaza. Makanika anafungua paipu anaona kavu, anasikiliza tenki anasikia kimya, na ukweli ni kwamba pampu ni nzima, inasubiri ruhusa tu. Cha kufanya kabla ya kuihukumu ni kuipelekea umeme moja kwa moja kwenye plagi yake ya waya, ikinguruma, tafuta pengine. Na anayefanya hivyo awe anajua kazi, hapo ni karibu na tenki na cheche moja inatosha.

Mzee alinipa jaribio la chupa ya maji. Ikizima, mimina maji ya baridi taratibu kwenye sensa yenyewe tu, usimwage kwenye injini nzima, chuma chenye moto kikipigwa maji ghafla kinaweza kupasuka. Nikafanya Kireka pale pale, nimepiga magoti kwenye vumbi na chupa ya nusu lita, watu wanaangalia. Dakika tatu, mshale ukanyanyuka, ikashika. Baadaye sensa ilipotolewa tukaipima kwa mita ikiwa baridi ikasoma vizuri, tukaitia kwenye sufuria ya maji ya moto ndani ya mfuko wa plastiki, mita ikaenda ikaenda halafu ikaonyesha haina mwisho, yaani waya umekatika ndani. Nilikaa nikaitazama. Kitu cha ukubwa wa kidole.

Lakini usitoke hapa ukabadilishe sensa ya krenki kesho asubuhi, utakuwa umefanya kosa langu kwa mlango mwingine. Namna gari inavyozima ndo inakuambia. Ikizima ghafla kama swichi, ni umeme, na sensa ni mmoja tu kati ya watuhumiwa, kuna pia swichi ya ufunguo iliyochakaa hasa kwa wale wenye rundo la funguo zito kama la mlinzi wa shule linaning'inia hapo, kuna rilei kubwa ya injini ambayo risasi zake za kulehemu ndani zimepasuka, kuna ile waya ya ethi. Kwa swichi ya ufunguo taa za dashibodi nazo mara nyingi zinazimika au zinapepesa, tikisa ufunguo kidogo gari ikiwa inawaka imesimama uone.

Ikikohoa kwanza, inavuta inaacha, unakanyaga mafuta haina nguvu halafu inakufa polepole hasa kwenye mlima, hiyo ni shida ya petroli. Filta imeziba, pampu imechoka kweli safari hii, au uchafu na maji kwenye tenki. Watu wetu wengi tunatembea na taa ya mafuta inawaka, tunaweka elfu kumi kumi, na pampu iliyo ndani ya tenki inapozwa na petroli hiyo hiyo inayoizunguka, tenki likiwa karibu tupu siku zote inajipika taratibu. Serikali inaweka alama kwenye mafuta ili kuwakamata wanaochanganya, ila maji yaliyo kwenye tenki la kituo chakavu alama hiyo haiyaondoi. Kama ilianza kukohoa siku hiyo hiyo uliyojaza mahali pageni, anzia hapo.

Halafu kuna ile inayozima ukisimama tu. Unatembea vizuri, unafika taa za barabarani, unaachia mafuta, RPM inashuka inashuka, puf. Au ukiwasha AC. Hapo ni sailensa, yaani injini inaponguruma yenyewe hujagusa mafuta, inakosa hewa ya kutosha au inapata hewa ya wizi. Mdomo wa throto, ule mlango wa hewa ya injini, umejaa masizi meusi na ile valvu ndogo ya sailensa imenata, kuisafisha ni kazi ya nusu saa na kopo la dawa yake. Au mipira ya vakyumu, vile vibomba vya hewa vya injini, imepasuka kwa uzee, unaisikia ssss ukiinamisha sikio. Hii nayo ni rahisi na inashangaza ni watu wangapi wameuza gari kwa sababu yake.

Ikiwaka sekunde moja mbili halafu inakufa, kila mara vilevile, na kuna taa ya ufunguo inapepesa kwenye dashibodi, gari haijautambua ufunguo wako, jaribu ule wa akiba. Wa dizeli mambo yenu mengine kabisa, kwenu mara nyingi ni hewa inayoingia kwenye paipu, filta, ile soleneidi ya kukata mafuta kwenye pampu, na plagi za joto ambazo Kampala hata zikifa mbili husikii, nenda nazo Kabale kwenye baridi saa kumi na moja alfajiri ndo utazikumbuka.

Mashine ya kusoma kompyuta inasaidia, ila usiiamini kama mganga. Marekani walilazimisha soketi ya aina moja ya kuchomeka mashine hiyo kwa gari za kuanzia modeli ya 1996 na Ulaya kwa za petroli 2001, gari yangu ilitengenezwa kwa soko la Japani ambako sheria hizo hazikuihusu, ukichomeka kile kidude cha bluetooth hakizungumzi nayo kabisa. Kwa Toyota nyingi za miaka ya 90 unaunganisha matundu mawili, TE1 na E1, kwa kipande cha waya halafu unahesabu taa ya injini inavyopepesa. Kwa gari mpya zaidi mashine ikikuonyesha namba ya kosa P0335 hiyo ni njia ya umeme ya sensa ya krenki, na njia ya umeme ni pamoja na waya na plagi yake, si sensa peke yake. Na sensa inayokatika kwa joto mara nyingi haiachi namba yoyote ya kosa, kompyuta inaona injini imesimama na inafikiri umeizima mwenyewe.

Kilichonisaidia kuliko mashine ni kidaftari ninachoweka kwenye dashibodi. Mstari mmoja kila ikigoma. "Jumanne saa nane, moto, tenki robo, ilizima ghafla, stata inazungusha, RPM sifuri, dakika 35 ikawaka." Mistari minne kama hiyo makanika akiisoma anaacha kubahatisha, anajua aje lini na apime nini. Na mpime ikiwa imegoma, sio ikiwa imeshapona, hata kama ni lazima akufuate kwenye jua.

Kitu kimoja cha hatari nikiseme kabla sijasahau. Injini ikizima unatembea, usukani unakuwa mzito ghafla na breki ina nguvu ya akiba kwa mkanyago mmoja au miwili hivi, baada ya hapo pedali inakuwa kama jiwe. Kwa hiyo usipige piga breki, kanyaga mara moja kwa nguvu na ushikilie, weka N, washa taa za hazadi, usukani ushike kwa mikono miwili. Na ufunguo usiurudishe mpaka mwisho gari ikiwa bado inatembea, usukani utajifunga. Mteremko wa Naguru sio mahali pa kujifunzia hili.

Sensa nilinunua ya kutumika, orijino iliyotoka kwenye gari ya Japani, sikutaka ile mpya ya kwenye boksi la rangi rangi isiyo na jina. Muuzaji alicheka nilipotoa mita na kumuomba maji ya moto. Tulipobadilisha tukakuta na plagi ya waya wake imekauka imekatika sikio moja, imefungwa kwa nyuzi na mtu wa zamani, nayo tukaibadilisha. Shaba za stata nilikuwa nimeshaweka.

Bado asubuhi inachelewa kushika, inazunguka sekunde nne tano badala ya moja, kwa sababu valvu ndogo ndani ya pampu inavuja na petroli inarudi tenkini usiku. Nafungulia ufunguo, nasubiri sekunde mbili, nafunga, nafungulia tena, kisha napiga stata, inawaka. Na inayovuja ni ile pampu mpya ya Jinja Road. Ile ya zamani aliyoitoa makanika wa kwanza niliikuta buti chini ya tairi la akiba, nikaiunga kwenye betri, inanguruma vizuri tu.